Mabonge Sita ya Nta na Mama wa Australia

Wiki iliyopita walinijia watu wanne wa kikundi cha kijiji jirani, wamevaa mashati ya kutokea, na mmoja ameshika daftari jipya. Walitaka niwaambie nimewezaje kufanya biashara na Mwaustralia misimu minne bila kugombana. Wao wamempata wa kwao, anataka ufuta. Nikawaambia waweke daftari pembeni, maana tuligombana, tena nusura tuachane kabisa, na kosa lilikuwa langu. Basi wakaacha kuuliza mengine yote wakataka hilo la kosa tu. Niliwasimulia mpaka jua likapinda. Walipoondoka mke wangu akasema nimeruka mambo mengi, hasa yale yanayonihusu vibaya. Ndiyo maana naandika hapa yote, kwa mwandiko wangu huu wa darasa la tatu.

Darasa la tatu niliishia kwa sababu ya treni. Haikunigonga, usiogope. Nilizaliwa Gulwe karibu na stesheni, na mama yangu alikuwa anachemsha mayai, mimi napeleka kwenye madirisha ya mabehewa. Treni ilikuwa haina saa maalumu, shule ilikuwa na saa maalumu, na mayai ndiyo yaliyokuwa yanatulisha, kwa hiyo shule ikashindwa. Kiswahili nilikijulia pale kwenye madirisha, maana nyumbani tulikuwa tunaongea Kigogo tu. Abiria anatoa kichwa, anauliza kama una chumvi. Unasema ninayo au unasema sina, basi. Hakuna kuulizana habari za mifugo. Ukisema ninayo wakati huna, treni inaondoka, yeye ana yai lisilo na chumvi mkononi, na anakutukana mpaka behewa la mwisho linapotea kwenye kona. Hilo la chumvi lishike, nitalirudia.

Kibakwe nilihamia kwa kuoa. Baba mkwe alikuwa na mizinga ya magogo kule milimani, na alipozeeka miguu akaniachia. Zamani sisi tulikuwa tunakamua asali, tunapika pombe yake ya wanzuki, tunakunywa, na masega yaliyobaki tunatupa. Nimetupa nta maisha yangu yote. Baadaye wakaja madalali, wakatuambia nta inanunuliwa. Dalali alikuwa anapiga bonge teke kidogo, anaangalia mbinguni, anataja bei yake, na ukibisha anapanda pikipiki. Tukaunda kikundi, watu kumi na wawili, mimi nikachaguliwa mwenyekiti kwa sababu ya umri, na mwalimu mmoja mstaafu akawa katibu kwa sababu ya miwani.

Huyo mama wa Australia tulikutana naye Dodoma mjini kwenye maonyesho ya wakulima. Watu wote walikuwa wanakuja kuonja asali yetu bure na kuondoka. Yeye asali hakuigusa. Aliinua bonge la nta, akalinusa, akalikwangua kwa ukucha, akauliza tunapikia kwenye chombo gani. Kiswahili chake kilikuwa cha kukwaruza lakini kinafika, maana alishakaa mjini miaka kadhaa akifundisha chuo kimojawapo. Katibu akajibu kwa Kiingereza ili aonekane, naye akamjibu kwa Kiswahili. Akatuambia anapeleka nta kwao, kwa watu wanaotengeneza mishumaa na mafuta ya kupaka, na kwamba ana stoo Mkonze, pale pembeni ya mji.

Sasa hapa nieleze tabia zake, maana wale wanne ndizo walizotaka kuandika kwenye daftari. Alipokuja Kibakwe mara ya kwanza tulimwekea kiti cha kanisani, kile chenye mikono, chenye kitambaa. Akashukuru, akakaa juu ya kiroba cha masega. Kiti kikabaki kitupu katikati yetu, na hakuna mtu aliyejua akae wapi. Tulipomsindikiza mpaka Mpwapwa, tulimfungulia mlango wa nyuma wa gari, kama anavyofunguliwa mkubwa. Akazunguka akakaa mbele na dereva. Akasema tusimwite bosi, tumwite jina lake. Hilo lilinishinda. Mwanamke mtu mzima, mwenye mume na mtoto, umwite jina kavu kama unamwita mbuzi! Tukauliza jina la mtoto wake, tukamwita mama wa huyo mtoto, na yeye akakubali, akasema tumekutana nusu njia.

Mimi aliniita babu. Na alianza mapema kunichokoza. Kofia yangu ya sufu, hii niliyoivaa hata sasa, aliniuliza kama nyuki ndio walioifuma. Nilicheka kwa adabu lakini moyoni niliona ananivunjia heshima mbele ya kikundi.

Siku moja niko stoo kwake Mkonze, akaingia Mwaustralia mwenzake, mwanamume mrefu anayechimba visima. Hawakupeana hata mkono. Mama akamtupia maneno, yule akarudisha, na kila mmoja uso umemkaza. Nikasogea karibu na mlango, maana mimi ugomvi wa watu wazima siupendi. Baadaye mama akanitafsiria. Alikuwa amemwambia kwamba shati lake hata mbuzi angelikataa, na yule amejibu kwamba chai anayopewa hapa ni maji aliyooshea mtu miguu. Nikauliza kama wana kesi.

"Huyu ni rafiki yangu sana, babu," akasema. "Nisiyempenda namsalimia vizuri."

Ningeelewa siku ileile kama ningekuwa na akili. Sisi Wagogo tuna watani wetu Wahehe. Baba mkwe alipofariki, mtani mmoja kutoka upande wa Iringa alijilaza ndani ya kaburi lililokwisha kuchimbwa, akasema hatoki mpaka apewe kuku, kwa sababu marehemu alikuwa mchoyo na hajawahi kumlisha kuku. Wafiwa walicheka huku machozi yanatoka. Hakuna aliyemchukia. Tena mtani asingekuja tungeuliza tumemkosea nini. Lakini sikudhani kwamba watu wa mbali hivyo nao wanaweza kuwa na utani, tena bila kujua ukoo wala kabila la mtu. Nikaondoka Mkonze nikiwaza tu kwamba Waaustralia hawana adabu.

Sasa nifike kwenye kosa.

Msimu wetu wa kwanza naye ulipokuwa unaiva, alikuja Kibakwe akauliza kama mzigo wote utaweza kufika Mkonze Jumatano ya wiki inayofuata. Tulikuwa tumekaa kumi na wawili, wote tumesikia. Wote tulijua kwamba watu watatu hawajakwenda hata kurina asali, na kwamba masega ya wengine bado yako kwenye ndoo. Nta siyo mahindi. Unaichemsha na maji, unaichuja kwenye kiroba, unakamua kwa miti miwili, unaiacha igande taratibu, unakwangua uchafu wa chini, unachemsha tena. Jumatano haikuwezekana hata kama tungesaidiwa na malaika.

Nikasema ndiyo mama, hakuna shida. Wenzangu wakaitikia, hakuna shida.

Mtu wa kwetu anaelewa. Mgeni ametoka mbali, amekaa juu ya kiroba chako, amekula ugali wako, humpi hapana aende nayo njiani. Unampa ndiyo ili safari yake iwe nyepesi. Naye, kama ni mtu wa kwetu, anasikia jinsi hiyo ndiyo ilivyosemwa, anaangalia macho, anajua mwenyewe kwamba labda ni Jumatano ya mwezi ujao. Hakuna anayedanganywa. Ndivyo nilivyoishi miaka yote, na ndivyo nilivyoozesha mabinti wanne.

Jumatano ikafika. Sisi tunachemsha, tena kwa bidii. Alhamisi tunachuja. Simu yangu ilikuwa imezima, na nitasema kweli kwa kuwa nimeahidi: niliizima mimi. Ijumaa asubuhi gari lake likapanda mlima.

Nikampokea kwa furaha ya kweli. Mbukwa mama, mbukwenyi, habari za Dodoma, habari za mtoto, habari za kwenu Australia, mvua zimenyesha? Mke wangu akachinja kuku, akapika ugali wa uwele na mlenda. Kwa desturi yetu habari nzito haiwekwi mbele ya mtu ambaye hajala. Mama akajibu salamu zote. Akala. Akaomba maji, akaosha sahani yake mwenyewe mke wangu akiangalia kama mtu anayeibiwa. Kisha akakaa juu ya kiroba, mbele yangu, akauliza jambo moja tu.

"Ulijua lini kwamba Jumatano haiwezekani?"

Hakupandisha sauti. Nilitamani aipandishe, maana sauti ikipanda unaweza kujibu kitu. Nikaona nikisema jana, nitaongeza uongo juu ya adabu.

"Siku ileile uliyouliza," nikasema.

Akaniambia kwamba Fuso la kwenda Dar es Salaam lilikuwa limesimama mlangoni kwake siku mbili, na nafasi kwenye meli imepita, na yule mtengeneza mishumaa kwao ameshaambiwa nta inakuja. Angeambiwa hapana siku ile, angechukua Jumatano nyingine, na asingekasirika hata kidogo. Ile hapana anaiweza, akasema, anaipangia la kufanya. Ile ndiyo yangu ndiyo iliyomshinda, maana alikwenda nayo nyumbani akajengea juu yake.

Kisha akasema kwamba ana watu wengine wenye nyuki, upande wa Tabora. Mzigo ule atauchukua, na kwetu atanunua mara moja nyingine tu. Ikitokea tena afahamu jambo mwishoni wakati sisi tumelijua mwanzoni, harudi.

Alipoondoka, kikundi kilinigeukia mimi. Mmoja akasema heri dalali, angalau dalali tunamjua. Mjane mmoja, mwenye mizinga mingi kuliko mimi, yeye ndiye aliyenichoma, maana alisema kwa upole tu kwamba dalali akijua mzungu ameondoka, hatapiga tena bonge teke, atatupiga sisi. Na ni kweli. Madalali walikuwa tayari wanaulizia kule sokoni kama yule mama bado anakuja.

Lakini kilichonisumbua zaidi kilikuwa kidogo. Tangu siku ile mama alikuwa akinipigia simu anaanza na shikamoo mzee. Hakusema tena babu. Shikamoo mzee, habari za kazi, asante sana, kwaheri. Kofia yangu hakuigusa tena. Katibu akasifu, akasema sasa ameshika adabu za Kitanzania. Mimi kila nikisikia ile shikamoo nilikumbuka maneno ya Mkonze, kwamba asiyempenda anamsalimia vizuri.

Msimu wa pili tulifanya kazi kama watu waliofungwa jela. Tukapanga siku wenyewe, tukamwambia siku ya mbali, Jumanne, tukajiwekea wiki nzima ya ziada. Nta ikatoka nzuri, ya manjano kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Zilibaki siku tano. Nikabaki na masega yangu ya mwisho.

Sasa mama alikuwa ametuonya tangu siku ya kwanza tusipikie kwenye chuma. Sufuria tu. Sufuria langu kubwa likatoboka. La jirani lilikuwa msibani, na sufuria likishakwenda msibani halirudi mpaka watu waondoke. Nikaona nusu pipa, lile tunalonyweshea ng'ombe. Nikalisugua kwa mchanga, nikajiambia nta itajuaje. Nikapika. Na kwa kuwa nilikuwa na haraka maji nikatia kidogo, kisha akapita mtu wa kunisalimia, tukaongea habari za shamba lake, unajua maongezi. Nikarudi moshi unatoka. Yale mabonge sita yalitoka rangi ya ugoro, na yananuka kama kibanda kilichoungua.

Kikundi kikakaa. Katibu, mwalimu huyo, mtu wa kanisa, akasema mabonge sita kati ya mengi siyo kitu, tuyaweke katikati ya viroba, juu na chini ya manjano, na huko mbele Mungu ni mwema. Wengine wakasema hapana, tusifiche, ila tumwalike aje kabla ya Jumanne, tumwambie akishakula. Hili likapendwa na wengi. Lilikuwa na heshima. Hata mimi lilinikaa vizuri, mpaka mke wangu, aliyekuwa anapepeta mtama pembeni, akasema bila kuinua kichwa, "Kuku mwingine? Yule wa kwanza alimsaidia nini?"

Wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilirudi Gulwe. Niliona dirisha la behewa, kichwa cha mtu, swali la chumvi. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa na nilijua kusema sina. Nilisema sina mara mia kwa siku na hakuna abiria aliyenichukia, alinunua kwa mwenye chumvi na safari nyingine ananiita mimi. Nimekuja kusahau wapi? Nikawaambia nampigia leo.

Pale kwangu mtandao unakatakata, ukitaka kuongea vizuri lazima upande mpaka kwenye mwamba juu ya zahanati. Nikapanda asubuhi hiyohiyo, wawili wa kikundi wananifuata kusikia. Nikapiga. Akapokea, shikamoo mzee. Nikaitikia marahaba, nikaanza. Habari za Mkonze. Za mtoto. Za mume. Upepo huko mjini ukoje siku hizi. Kwenu Australia mama yako mzazi anaendeleaje na ule mguu. Kila nikitaka kufika kwenye nta naona bado, haijafika mahali pake, huwezi kumrushia mtu jambo kama hilo kabla hamjamaliza kujuliana hali. Nikauliza hata mbwa wao. Nikasema, sasa mama, kuna jambo. Simu ikakata. Salio limeisha.

Wale wawili wakanitazama. Mmoja akasema, "Mzee, umempigia mbwa."

Duka la vocha lilikuwa chini kabisa. Nikaanza kushuka na magoti yangu haya, na kabla sijafika popote simu ikalia. Ni yeye. Nadhani alishanijua kuliko nilivyodhani, maana hakusalimia.

"Jambo gani?"

Nikasema, "Nta imeungua. Mabonge sita. Nilipikia kwenye chuma, pipa la kunyweshea ng'ombe, ni mimi, siyo kikundi."

Hiyo ndiyo sentensi fupi kuliko zote nilizowahi kumwambia mtu mzima bila kumsalimia. Nikasikia upande wake mlango unagongwagongwa na upepo. Akauliza yaliyobaki ni mazuri? Nikasema mazuri. Akauliza yaliyoungua yamechanganywa nayo? Nikasema hapana, yako mbali, chini ya mti wa nyuma. Akasema niyaache hukohuko, niyatie alama, nisiyarudishe motoni kujaribu kuyasafisha. Yeye atamwandikia mtu wa mishumaa leo kwamba mzigo utapungua kidogo, bado kuna muda. Na kuna fundi seremala mjini anayeng'arisha viti, yeye rangi hajali, labda atayataka.

Kisha akasema asante. Nikangoja aendelee, nikajua sasa inakuja ile kwaheri mzee.

"Babu," akasema, "na hilo pipa, ng'ombe wako bado wanakubali kunywea? Au nao wamehamia Tabora?"

Nilisimama pale njiani nimeshika simu. Wale wawili wakaniuliza amekasirika? Nikawaambia hapana, amenitukana. Wakasikitika sana. Baadaye ikabidi nikae kwenye jiwe niwaeleze habari ya Wahehe na kaburi, na wao wakaniona nimechanganyikiwa.

Lakini mama nilimjibu hapohapo, kabla hajakata simu, maana mtani hakaliwi kimya. Nikamwambia ng'ombe wangu wanakataa kuhama, wamesikia huko Mkonze chai ni maji ya miguu. Akacheka mpaka akakohoa.

Jumanne mzigo ulifika Mkonze saa nne asubuhi, Fuso lilikuwa linaingia na sisi tunaingia. Tabora hakwenda. Toka hapo tuna utaratibu ambao wale wanne niliwaambia waandike kama lazima waandike kitu: jambo baya linapigiwa simu siku ileile, kabla ya chakula, na salamu zinafuata baadaye kwa salio la mama. Kwa watu wa kwetu naendelea na desturi yangu. Sijaona sababu ya kuiacha, mtu akija kwangu atakula kwanza. Mke wangu anasema nimekuwa na midomo miwili. Labda.

Seremala alichukua mabonge matano. La sita mama hakuliuza. Analo mpaka leo pale stoo Mkonze, analiegesha mlangoni upepo usiubamize, na kila mgeni anayeingia, awe Mwaustralia au mtu wa wizarani, anaambiwa ni babu gani wa Kibakwe aliyelipika.